Harambe ya Florida na vipepeo wa Gede

Kuna mji wa Kiswahili ambao hakuna Mswahili hata mmoja aliyezaliwa ndani yake. Unaitwa Harambe. Una kuta za chokaa zilizochakazwa kwa makusudi, una soko, una vibao vya Kiswahili, na mahali pameandikwa Uhuru 1961. Ukiona picha unaweza kuapa ni Lamu, na hutakuwa umekosea sana, manake waliouchora waliitazama Lamu kabla ya kushika penseli. Ila Harambe iko Florida, Marekani, ndani ya bustani ya burudani ya Disney inayoitwa Animal Kingdom. Na ndiyo, ni harambee iliyopoteza "e" moja njiani.

Tukiongea kuhusu Disney na sisi watu wa Pwani, stori huwa ni moja tu: Hakuna Matata. Waliomba kulisajili neno mwaka 1994, wakapewa kwa upande wa nguo mwaka 2003, na mwaka 2018 intaneti ikawaka moto, malalamiko yakasainiwa na maelfu kwa maelfu. Wengine wakakumbusha kwamba Them Mushrooms, bendi ya hapa hapa Pwani, walikuwa wameshaimba maneno hayo kwenye Jambo Bwana tangu mwanzo wa miaka ya 80. Hasira hiyo naielewa. Lakini leo wacha tuiweke kando, kuna swali lingine linalonisumbua zaidi, na linatugusa sisi wa Kilifi na Malindi mfukoni kabisa.

Swali ni hili: kampuni iliyoanza na katuni ya panya ilitaka nini kwa wanyama wa kweli? Kwa nini imwage pesa, zilizokadiriwa kufika dola milioni 800, kujenga bustani ya wanyama na miti, halafu iifungue tarehe 22 Aprili 1998, Siku ya Dunia kabisa, ile siku ya mazingira? Huruma? Kidogo labda. Biashara? Hapo sasa ndipo historia inaponoga.

Rudi nyuma hadi miaka ya 40. Vita vya pili vimeisha, studio ya Walt Disney haina pesa, katuni ni ghali kutengeneza. Kuna mtu na mkewe, Alfred na Elma Milotte, wako Alaska na kamera. Wanapiga picha za sili, wale wanyama wa baharini wanaolala kwenye mawe, na kutoka hapo inatengenezwa filamu fupi ya mwaka 1948, Seal Island. RKO, kampuni iliyokuwa ikisambaza filamu za Disney, haikuona nani angelipa kutazama sili. Filamu ikashinda Oscar. Mwaka 1953 Disney wanakuja na filamu nzima ya jangwa, The Living Desert, RKO wanasitasita tena, na safari hii Disney wanaamua kuunda kampuni yao ya kusambaza, Buena Vista. Yaani nguvu ya Disney ya kuuza filamu zake yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya mijusi na nge wa jangwani, sio Mickey.

Kisha wakaja kwetu. Wale wale Milotte walipiga kambi Afrika Mashariki kwa muda mrefu, na mwaka 1955 ikatoka The African Lion. Fikiria hesabu yake: simba haombi mshahara, hana wakala, hachelewi kazini akasema foleni. Mazingira wakati huo yalikuwa malighafi ya bei rahisi, basi. Jukumu la mazingira? Hakuna aliyelizungumzia.

Ushahidi ni filamu yao ya mwaka 1958, White Wilderness. Humo kuna panya wa nchi za baridi wanaoitwa lemming, wanaonekana wakijirusha majini kwa wingi kana kwamba wameamua kufa pamoja. Dunia nzima ikaamini. Hadi leo kuna watu wanakuambia lemming hujiua. Mwaka 1982 televisheni ya taifa ya Kanada, CBC, ikafichua kwamba ile ilikuwa maigizo: wanyama waliletwa kutoka kwingine hadi mahali ambapo hawaishi kabisa, wakasukumwa. Filamu hiyo nayo ilikuwa na Oscar yake. Mimi sishangai sana. Lemming walipoanguka, ni nani pale kwenye kampuni alipoteza hata senti? Hakuna. Basi wakaanguka.

Lishike hilo swali, nitalitumia mpaka mwisho: kiumbe akifa, mti ukikatwa, nani anapoteza pesa?

Sasa ruka mpaka miaka ya 90. Mwaka 1990 rais wa kampuni, Frank Wells, anasukuma Disney iwe na mpango rasmi wa mazingira. Mwaka 1994 inatoka The Lion King, ambayo wachoraji wake walikuja Kenya kuangalia nchi, Hell's Gate ikiwemo. Mwaka 1995 wanaanzisha mfuko wa uhifadhi, ambao tangu hapo umetoa zaidi ya dola milioni 100 kwa miradi ya wanyama duniani. Halafu 1998 inafunguliwa Animal Kingdom, na Harambe ndani yake.

Tofauti na zamani ni kubwa. Filamu ikishapigwa, simba akifa keshokutwa wewe hujali, picha unayo. Lakini ukiwa na faru, twiga na tembo ambao watu wamelipa tiketi kuwaona leo, kila mnyama anayekufa ni habari ya gazeti. Na walilijua hilo kabla hata ya kufungua geti. Katika miezi ya maandalizi wanyama kadhaa walikufa, wakiwemo watoto wanne wa duma waliokula sumu ya kemikali na korongo wawili waliogongwa na magari ya safari. Magazeti yakaandika, watetezi wa wanyama wakapiga kelele, Wizara ya Kilimo ya Marekani ikaja kuchunguza. Ikasema haikukuta sheria iliyovunjwa. Ila kampuni ilikuwa imeonja bei ya kuzembea.

Ndio maana kuna kitu kidogo pale ambacho mimi nakiamini kuliko mabango yao yote: bustani hiyo haikutoa mirija ya plastiki. Sababu haikuwa kampeni ya bahari safi. Mrija ukipeperuka ukaingia kwenye boma, mnyama anaweza kuumeza. Sisi hapa Kenya tulipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na plastiki ya kutumia mara moja kwenye mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa ikafuata Juni 2020. Sheria nzuri, naiunga mkono. Lakini linganisha mlinzi anayekukagua geti la hifadhi kwa sababu ameagizwa, na mtu ambaye mrija mmoja unaweza kumuulia faru wake. Nani atakagua kwa makini zaidi?

Sio kwamba nawapaka Disney mafuta. Katikati ya bustani kuna mti mkubwa wanaouita mti wa uhai, urefu kama mita 44, na mifupa yake ya ndani ni umbo la jukwaa la kuchimbia mafuta baharini. Majani yake zaidi ya laki moja ni bandia. Na ile safari yao ya magari, Kilimanjaro Safaris, kwa miaka mingi ilikuwa na hadithi: majangili wamevamia, mtoto wa tembo yuko hatarini, mgeni kutoka Ohio yuko ndani ya gari anasaidia kuwafukuza. Baadaye waliiondoa. Kilichokosekana kwenye hadithi hiyo ni mtu ninayemjua mimi, yule mkulima aliyeamka asubuhi akakuta mahindi yote yamelalishwa na tembo. Kwenye Harambe kuna jangili na kuna mtalii. Jirani wa msitu hayupo.

Na hesabu za pesa nazo tuziangalie bila kupepesa macho. The Lion King ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 kwenye majumba ya sinema. Kampeni ya kuokoa simba iliyokwenda nayo ilikuwa ya hadi dola milioni 3. Hiyo ni chini ya senti 20 katika kila dola 100. Haki itendeke: mapato ya tiketi sio faida, wenye kumbi huchukua sehemu yao, na filamu yenyewe iligharimu mabunda. Pia milioni 3 kwa simba ni nyingi kuliko sifuri. Lakini ukiambiwa kampuni fulani "inajali", piga hesabu kwanza, kikokotoo kiko kwenye simu yako.

Basi nani amewahi kufanya hii biashara na yule jirani wa msitu akiwemo ndani? Jibu liko barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Shuka Gede.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wengi tunaupita tu kwenye matatu tukiwa na masikio yamezibwa na muziki. Una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki. Una bundi mdogo anayeitwa kwa jina la Sokoke, una ndege na panya-tembo ambao ukiwakosa hapa, una sehemu chache mno duniani za kuwatafuta. Serikali ya kikoloni iliutangaza rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1943, na kama kawaida yao, waliokuwa wakiutegemea kwa kuwinda, asali na miti ya kujengea wakageuka kuwa wahalifu.

Kufika mwanzo wa miaka ya 90 watu wa vijiji vya kando walikuwa wameuchoka. Na ukiwa mkweli utawaelewa. Msitu unatoa nyani na tembo wanaokula shamba lako. Ukikata fito moja unashikwa. Watoto wako wanakua, ardhi haiongezeki, na upande wa pili wa njia kuna maelfu ya ekari zilizokaa tu. Wengi walitaka ugawanywe watu wapate mashamba, na wanasiasa wakajua hapo kuna kura. Ukiuliza swali langu kijijini mwaka huo, mti ukikatwa nani anapoteza, jibu lilikuwa hakuna. Mwenye kukata alikuwa anapata.

Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo, chini ya Makumbusho ya Taifa, pale pale kwenye uwanja wa magofu ya Gede. Wazo lenyewe mtu akikwambia mtaani utadhani anatafuta pesa ya bure: wakulima wafuge vipepeo, wauze Ulaya.

Inafanya kazi hivi. Mfugaji ananasa vipepeo majike wachache kutoka msituni, anawaweka ndani ya kibanda cha neti. Wanataga mayai. Mayai yanaangua viwavi, viwavi wanalishwa majani ya mmea wanaoupenda, na kila aina ina mmea wake, sio lolote tu. Kiwavi akishiba anajifunga na kuwa buu. Buu hilo, wenyewe wanaliita pupa, linapelekwa Gede, linapimwa, linafungwa kwa pamba kwenye boksi na kupandishwa ndege. Na hapo ni mbio, manake kipepeo hajui habari ya ushuru wa forodha, siku zake zikifika anatoka, hata kama boksi bado liko uwanja wa ndege. Inachekesha kidogo kwamba kwa Kiswahili pupa ni ile haraka na tamaa, na hapa biashara yote inaishi kwa pupa.

Yanakwenda wapi? Kwenye nyumba za vipepeo za Uingereza, Marekani na kwingineko, yale majumba ya vioo yenye joto ambapo familia inalipa tiketi, inaingia, kipepeo anatua kwenye pua ya mtoto, picha inapigwa. Ni biashara ya burudani. Ni binamu mdogo wa Animal Kingdom. Miaka kadhaa kabla Harambe haijafunguliwa Florida, mama mmoja wa kijiji cha kando ya Arabuko-Sokoke alikuwa tayari anauza bidhaa kwenye soko hilo hilo la dunia la watu wanaolipa kuona maumbile.

Lakini angalia kilichobadilika kwenye lile swali. Mfugaji anahitaji msitu usimame kwa sababu vipepeo wa mbegu wanatoka humo, na bila damu mpya kizazi cha kibandani kinadhoofika. Sasa mtu akiingia usiku na msumeno, kuna jirani yake ambaye anapoteza hela ya unga na karo. Tafiti za miaka iliyofuata zilionyesha kwamba miongoni mwa wafugaji wale waliotaka msitu ufyekwe walipungua sana. Hawakuhubiriwa. Walilipwa.

Nikiwa bado chuo, kabla sijaondoka bila kumaliza, tulifundishwa kwamba uhifadhi unahitaji "kuelimisha jamii". Mimi hapo siungi mkono hata kidogo. Jamii ya Gede ilikuwa inaujua msitu kuliko aliyekuja kuielimisha. Ilichokosa ni mnunuzi.

Haya, na udhaifu wake? Upo, na sio mdogo. Bei haipangwi Gede, inapangwa na mnunuzi mbali huko, ambaye anaweza pia kuagiza kutoka Costa Rica au Ufilipino. Wafugaji ni mamia tu, na wanaouzunguka msitu ni maelfu mengi. Machi 2020 dunia ilipofungwa, majumba ya vioo yakafungwa na ndege zikalala chini, na buu huwezi kuliweka kabatini ukasubiri. Halafu msitu una maadui ambao hawaonekani kwenye vipepeo kabisa: makaa, fito, na muhuhu. Wale tembo na twiga wa kuchongwa wanaouziwa watalii, wengi ni mti wa muhuhu, na muhuhu umekatwa sana Arabuko-Sokoke. Mgeni anarudi kwao na tembo wa mbao iliyotolewa nyumbani kwa tembo.

Sasa tufike mwaka 2022, manake hapo ndipo nilipokerwa kweli. Kule Harambe ya Florida mibuyu waliitengeneza kwa saruji. Kilifi tunayo ya kweli, mingine ina mamia ya miaka. Mwaka huo ikajulikana kwamba mibuyu inang'olewa Kilifi na mizizi yake, ipelekwe Georgia, ile nchi iliyopakana na Urusi, sio jimbo la Marekani. Picha za miti imelazwa kwenye malori zikasambaa. Novemba Rais akaagiza uchunguzi wa vibali. Mitandaoni tukawatukana wakulima: wameuza urithi, wamelaaniwa, mbuyu una mizimu.

Wakulima hao waliripotiwa kulipwa kati ya shilingi 100,000 na 300,000 kwa mti. Mbuyu uko katikati ya shamba, kivuli chake kinaua mahindi, na faida yake kwa mwenye shamba ni mabuyu ya kuuzwa kwa bei ya kutupa ili wengine wayapake rangi nyekundu na sukari wapate wao. Mtu anakuja na laki moja taslimu. Wewe ungesema hapana kwa sababu gani hasa? Kwa sababu watu ambao hawajawahi kukulipa chochote wanapenda kuuona mti wako wakipita?

Na hao watu ndio sisi, na biashara zetu. Angalia mabango ya sherehe za mwaka mpya hapa Kilifi, hoteli, video za muziki, hata kontenti zangu mimi. Mbuyu uko kila mahali. Jua linazama nyuma ya mbuyu, DJ mbele ya mbuyu, kinywaji na mbuyu. Tunauza mbuyu kama Disney anavyouza simba, ila Disney angalau simba wake anamlisha. Waendesha mashua za vioo Malindi na Watamu hawahitaji kuelezwa hili, hifadhi yao ya bahari ipo tangu 1968 na matumbawe yakifa wao ndio wanaolala njaa. Kwenye mibuyu bado hatujafika hapo.

Kwa hiyo ninachodai ni kitu cha kuandikwa kwenye mkataba, sio "kijani" cha kwenye tiketi. Tamasha au hoteli inayotumia mbuyu wa mtu kujitangaza imlipe mwenye shamba kila mwaka, mti ukiwa umesimama. Ukianguka wenyewe kwa upepo, sawa, malipo yanaisha. Ukiuzwa, yanaisha. Sema shilingi 10,000 kwa mwaka, pesa ambayo meza moja ya watu wa Nairobi inaimaliza kwa usiku mmoja wa Desemba. Ndani ya miaka kumi mkulima ameshapata hiyo laki moja ya Georgia, na mwaka wa kumi na moja anakuja kuchukua tena.